Ubao wa Gashe Lakew

Dessie, Tikimt 4, 1994

Mdogo wangu Aselefech,

Ukungu umeshuka tangu juzi, mlima hauonekani, na mimi naandika nikiwa nimejifunika shuka zito kama mgonjwa, ingawa mzima wa afya. Nawe huko kwenye joto uwe mzima vilevile, na mbu wakuogope. Wifi yako Etagegn anakusalimu sana. Goti lake limepona kidogo, ila habari za goti hazijapona: kila mgeni lazima azisikie tangu mwanzo. Ng'ombe amezaa dume, si kitu. Jirani yetu Yimam ameoza binti, na sisi Wakristo tulichinjiwa kondoo wetu pembeni kama kawaida, tukala mpaka kuinuka ikawa kazi.

Sasa tuje kwenye shauri lenyewe. Mwanao Meaza alifika Jumanne kutoka kwa bibi yake Kombolcha, na sanduku moja, amejikunyata kama aliyekuja kuhukumiwa. Sikumpa hata siku moja ya kupumzika. Nilimkalisha, nikampa hesabu ya darasa la nane. Akashindwa. Nikampa ya la saba. Akashindwa. Ya la sita, nusu nusu. Nikateremka naye hivyo hivyo mpaka darasa la nne, na hapo ndipo nilipoukuta uzi ulipokatikia: sehemu. Nusu, robo, thuluthi. Mtoto huyu amebeba madarasa manne mazima juu ya msingi wenye tundu, halafu watu wanashangaa nyumba kuanguka!

Simlaumu mwalimu wake. Darasa lina watoto themanini, nani atarudi nyuma kumwokota aliyebaki njiani? Ninayeweza kurudi ni mimi, niliyestaafu na sina kazi ila kusikiliza habari za goti. Nimeubandua mlango wa kabati la zamani, nimeupaka rangi nyeusi, sasa ni ubao. Kila siku saa kumi na moja jioni Meaza anakaa hapo pamoja na watoto watano wa mtaa wetu, na wote wananiita Gashe, kaka mkubwa, kama uniitavyo wewe. Tunaanza na hesabu, tunamaliza na Kiingereza, maana unajua kwetu hesabu za la saba na la nane zinakuja kwa Kiingereza, basi mtoto anachapwa fimbo mbili kwa mpigo mmoja.

Wewe tulia. Nimefundisha miaka thelathini na mmoja. Wapo madaktari leo niliowafundisha kujumlisha kwa kokoto. Huyu nitamvusha nikiwa nimefumba macho.

Kaka yako,
Lakew


Jinka, Hidar 12, 1994

Gashe Lakew, kaka yangu,

Barua yako imenifikia baada ya siku kumi, imekunjwa na kulowa, ila imefika. Mimi mzima. Malaria imepanda, kliniki tumelaza watoto wawili wawili kitanda kimoja, na mganga mwenzangu amekwenda likizo akasahau kurudi. Nakula, usiulize nini. Mwambie Etagegn alikande lile goti kwa mafuta ya moto, asilionee haya. Na hongera kwa harusi ya binti wa Yimam.

Nimefurahi kusoma habari za Meaza, kweli nimefurahi. Lakini wewe hupenda kusahau mabaya, kwa hiyo nakukumbusha: mwaka jana alianguka. Akianguka tena kwenye mtihani wa mwisho wa mwaka, mwezi wa Sene, shule haimpokei mara ya tatu. Hakuna la tisa, hakuna chochote, nitamtuma mtu aje amchukue amlete huku. Mimi mwenyewe nilikuwa nauza shayiri ya kukaanga kandokando ya barabara kabla hujanishika sikio ukanikalisha mbele ya daftari. Kila sindano ninayomchoma mtu hapa inatoka kwenye sikio lile. Sasa ni zamu ya mwanangu, na sikio lake liko mkononi mwako.

Nakuomba uniambie jambo moja. Je, anauliza maswali? Si kujibu, kuuliza.

Na hayo maandishi yako, kaka! Makubwa hivyo, mistari minne imejaza ukurasa. Karatasi imeshuka bei huko Dessie?

Mdogo wako,
Aselefech


Dessie, Tahsas 20, 1994

Aselefech, dada mwenye ulimi,

Jana ilikuwa sikukuu ya Gabrieli, kanisa lilifurika, na padri alihubiri mpaka watoto wakalala. Tuko kwenye mfungo wa Krismasi, tunakula mchuzi wa shiro asubuhi, shiro jioni, na Etagegn ameanza kuiota nyama kwa majina. Ndama anakua. Goti limekandwa, limezidi kelele.

Maandishi ni makubwa kwa sababu nimenunua kalamu nene. Basi.

Meaza anakwenda vizuri kuliko ulivyotegemea na vile vile nilivyotegemea mimi. Kiingereza chake kimefunguka. Nimeweka sheria: kahawa ikianza kumiminwa, Kiamhari kinatoka nje. Mzunguko wa kwanza wa vikombe anasoma kitabu kwa sauti, wa pili anasimulia alichosoma, wa tatu anagombana na Etagegn kwa Kiingereza. Etagegn hajui neno hata moja, lakini kugombana anakujua, basi mtoto analazimika kutafuta maneno. Juzi amesema sentensi nne mfululizo bila kusimama kuhusu kuku aliyeingia jikoni. Nne! Alipofika kwangu alikuwa akiulizwa jina lake kwa Kiingereza anatazama mlango.

Hesabu nazo ni hivyo hivyo. Kila nikimaliza mfano ubaoni nageuka, nauliza, "Umeelewa?" Naye ananijibu papo hapo ile ndiyo yetu ya kuvuta pumzi ndani, hih!, kama mtu aliyekanyaga maji ya baridi. Wote sita wanaivuta kwa pamoja. Utadhani upepo umeingia chumbani. Unauliza kama anauliza maswali. Aulize nini, na ameelewa?

Mtihani wa nusu mwaka ni mwisho wa Tir. Utaletewa ripoti yake uitundike kliniki kwako.

Lakew


Jinka, Yekatit 8, 1994

Gashe,

Salamu. Mimi mzima, wewe je?

Tir imekwisha. Timket, sikukuu ya Ubatizo, mmesherehekea, najua, maana hata huku tulimwagiwa maji. Ripoti iko wapi? Nimeshatayarisha msumari ukutani.

Aselefech


Jinka, Yekatit 29, 1994

Gashe Lakew,

Natumai wewe na Etagegn ni wazima, na Meaza, na ndama. Huku mvua zimeanza mapema.

Hii ni barua yangu ya pili bila jibu. Mtu wa afya wa mkoa alipita hapa juzi akitokea Dessie. Anasema alikuona sokoni, mzima kabisa, ila ulimpita karibu bila kumsalimia. Wewe, unayemsalimia mtu mpaka na punda wake! Nikamwambia labda una mawazo. Akasema labda.

Kaka, mimi ni nesi. Mtu akininyamazia hivi huwa najua kuna kidonda. Nionyeshe.

Aselefech


Dessie, Megabit 6, 1994

Mdogo wangu,

Utanisamehe. Tulikuwa na mambo. Etagegn aliteleza akaumia mkono, si vibaya. Mfungo mkuu umeanza Jumatatu. Yimam anakusalimu.

Hesabu amepata thelathini na nne.

Kiingereza hamsini na nane, na mwaka jana alikuwa na thelathini na moja, kwa hiyo hapo nasimama wima mbele ya mtu yeyote. Lakini hesabu ni thelathini na nne, na nimekaa na namba hiyo mwezi mzima nikiizungukia kama mbwa na nungunungu. Kwanza nilisema mtihani ulitungwa vibaya. Nikaenda shuleni kufoka. Mwalimu akanipa kiti, akanisikiliza, akasema watoto wangu wengine watano nao wameshuka. Wote. Nilirudi nyumbani kwa miguu, sikutaka hata kuonana na mtu.

Sielewi, Aselefech. Njia anaijua. Nimemsikia akiisema, hatua kwa hatua, kwa Kiingereza. Lakini kwenye daftari lake la tuisheni tarakimu anazonakili ni za ajabu, sijui anaziota wapi. Etagegn ndiye aliyekuwa akinisomea daftari jana, maana taa yetu ni hafifu, na aliposoma nilidhani ananitania. Ni uzembe wa kunakili, hakuna jingine. Nimemgombeza vikali. Hakujitetea hata kwa neno moja, machozi tu. Nakutumia kurasa mbili za daftari ujionee mwenyewe.

Najua unachofikiria. Usimtume mtu. Bado kuna miezi mitatu.

Lakew


Jinka, Megabit 25, 1994

Gashe Lakew, kaka yangu mpenzi,

Salamu zangu kwako na kwa Etagegn na mkono wake. Leo sina habari za huku. Keti chini, umwite Etagegn akusomee barua hii, na usimkatize.

Nimezitazama kurasa mbili ulizotuma. Ukurasa mmoja ni kazi aliyonakili ubaoni kwako, mwingine ni kazi aliyoifanya peke yake kutoka kitabuni. Wa kitabuni hauna kosa la tarakimu hata moja. Mtoto si mzembe. Wa ubaoni, mstari wa kwanza kabisa, umeandikwa: tatu juu ya sita, ongeza moja juu ya nne, jibu tano juu ya nane. Nimeipiga mara tatu. Tatu juu ya sita ni nusu. Nusu na robo ni robo tatu. Hata mimi ninayepima dawa za watoto najua. Ila ukiweka nane mahali pa sita, jibu lako ni sahihi kabisa.

Wewe unazijua hesabu hizo kwa moyo. Umezifundisha miaka thelathini na mmoja. Jibu unalitoa kwenye kumbukumbu, lakini swali mkono unaliandika vile jicho linavyodhani limeliona. Meaza haoti, Gashe. Ananakili ubao wako.

Maandishi yako yanakua kila barua. Hii ya mwisho ina mistari miwili umeiandika mmoja juu ya mwingine. Umempita mtu sokoni. Unasomewa daftari ukisingizia taa. Wewe ni mkubwa wangu na nimekuheshimu maisha yangu yote, lakini mficha maradhi kilio kitamfichua, na kilio chenyewe kimekwisha anza, anayelia ni mwanangu. Fumba jicho moja, tazama dirisha. Kisha la pili. Ukiona moshi ambao Etagegn hauoni, ni mtoto wa jicho, na hutolewa hospitalini kwa muda wa kunywa chai.

Utauliza kwa nini mtoto hakusema. Basi nikwambie jambo nililolificha tangu nikiwa na miaka tisa. Ile ndiyo ya pumzi unayojivunia, hata mimi nilikuwa nikikuvutia. Hih, Gashe. Hih, Gashe. Nusu ya siku hizo sikuwa naelewa chochote. Nilikuwa nasubiri utoke, halafu nakwenda kwa Etagegn, aliyekuwa mchumba wako wakati huo, ananihesabia kwa punje za njegere mpaka naelewa. Nani angekwambia wewe kuwa hujaeleweka? Mtu mrefu vile, na ile sauti! Kwetu mtoto akimwambia mkubwa "hapana" ni kama amemtupia jiwe. Tumewalea hivyo sisi wenyewe, halafu tunawagombeza kwa kunyamaza.

Mwagize akusahihishe. Usimwombe, mwagize, maana amri ndiyo atakayoitii.

Umesema miezi mitatu. Sitamtuma mtu. Lakini usinifiche tena.

Aselefech


Dessie, Miyazia 16, 1994

Aselefech,

Sisi wazima. Fasika, Pasaka yetu, bado siku kumi na moja, na hatujaonja hata maziwa. Naandika saa sita mchana, dirishani, herufi kubwa kama za bango, na sasa huna haja ya kuuliza kwa nini.

Barua yako ilinikasirisha siku nne. Nilimwambia Etagegn kuwa joto la Jinka limekuharibu akili. Siku ya tano nikafumba jicho. La kulia ni moshi mtupu. La kushoto ni maziwa yaliyotiwa maji. Nilijua, Aselefech. Nilijua tangu mwaka mpya, mwezi wa Meskerem. Mwalimu asiyeona ubao ni nani? Nilijiambia nikishamvusha huyu mmoja nitasema.

Jioni ile nikaandika hesabu ubaoni, nikamwita Meaza peke yake.

"Leo utanisahihisha," nikamwambia.

Akatazama sakafu.

"Nimeandika nini hapo?"

"Ulivyoandika, Gashe."

"Nakuuliza nimeandika nini!"

"Ulichotaka kuandika, Gashe."

Umeona ukaidi wa heshima? Mtoto angekubali kukatwa kidole kuliko kusema. Ndipo Etagegn, aliyekuwa akikaanga kahawa, akalitupa lile kaango chini. "We mtoto, mwambie mzee haoni! Juzi kamwamkia mbuzi wa Yimam! Kamuuliza hali ya watoto!"

Meaza akasema kwa sauti ya mtu aliye kanisani, "Umeandika sita, Gashe. Kitabuni ni nane."

"Tangu lini nakosea?"

"Tangu Hidar."

"Na wenzako wanajua?"

Akavuta ile pumzi. Hih.

"Sasa kwa nini hukusema, mwanangu?"

Na hapa ndipo aliponimaliza. Alisema, "Kwa sababu jibu lako lilikuwa sawasawa na lile la nyuma ya kitabu. Nikajua kuna siri ndani ya sehemu ambayo akili yangu haifiki. Nikawa nakariri tu."

Nililia, Aselefech. Nimeliandika neno hilo na silifuti. Miezi mitano mtoto mwenye akili timamu ameona kosa kwa macho yake mawili, akaamua kuwa mjinga ni yeye. Nami nikimgombeza.

Basi nimeupindua mwenendo wote. Chaki sasa iko mkononi mwa Meaza. Mimi nakaa kwenye kigoda, uso nimeupa ukuta, nasikiliza. Anasoma swali kwa Kiingereza, analieleza kwa Kiamhari, kisha anaandika huku akinisimulia kila hatua. Wewe hujui jinsi sikio linavyoona! Akijua, sauti inatembea. Akibahatisha, inachechemea, nami nasema "Simama hapo, rudi," na tundu tunalikuta papo hapo. Nilifundisha miaka thelathini na mmoja nikitazama ubao, kumbe wanafunzi walikuwa nyuma yangu.

Na neno "Umeelewa?" nimelipiga marufuku nyumbani kwangu. Badala yake, kila jioni natia kosa moja kwa makusudi katika maelezo yangu, na hakuna anayegusa bakuli la shayiri mpaka kosa lipatikane. Siku ya kwanza walikaa na njaa mpaka saa moja. Siku ya pili Seid, mtoto wa Yimam, alinong'ona. Siku hizi wananirukia kabla sijamaliza sentensi. "Uongo, Gashe!" "Umetuibia tatu, Gashe!" Majirani wanadhani nyumba imevamiwa. Padri alipita juzi akauliza kama watoto hawa wana adabu kweli. Nikamwambia wana adabu mpya.

Meaza ndiye wa mwisho kupaza sauti. Bado anasema "samahani" kabla ya kunisahihisha. Ila anasahihisha.

Hospitali nitakwenda baada ya mtihani wake. Usinibishie. Nikifungwa kitambaa sasa, wiki tatu zitapotea, na wiki tatu ni milinganyo yote ya darasa la nane.

Kaka yako kipofu wa kujitakia,
Lakew


Jinka, Ginbot 9, 1994

Gashe wangu,

Natumai Fasika mmefungua kwa kuku, na Etagegn ameacha kuota. Mimi nilifungua kwa yai moja nililopewa na mgonjwa, nikalila nikicheka peke yangu kwa ajili ya yule mbuzi. Watoto wake hawajambo?

Nakubishia lakini nimechelewa, najua, barua hii ikifika mtihani utakuwa mlangoni. Basi fanya hivi: siku ya mwisho ya mtihani, kesho yake hospitali. Nimemwandikia Etagegn kupitia kwa padri, kwa hiyo huna pa kukimbilia.

Nami nina la kwangu la kukiri. Nilipopata habari ya zile thelathini na nne, nilikwenda kwa mama mwenye mgahawa wa stendi hapa. Alikuwa akinililia tangu mwaka jana nimpe Meaza amsaidie kupika. Nilimwambia mchukue, atakuja mwezi wa Hamle, baada ya mtihani. Tulikunywa na kahawa ya kukubaliana. Niliporudi nyumbani sikulala. Nilijua nimemrudisha mwanangu kandokando ya barabara ile ile uliyonitoa mimi. Nilikuandikia ile barua ndefu asubuhi yake, na neno hili sikulitia.

Baada ya barua yako nimekwenda kumwambia hapana. Amenuna, hanisalimii tena. Na anywe chai yake mwenyewe.

Mwambie Meaza aache hiyo "samahani".

Aselefech


Dessie, Hamle 28, 1994

Mama yangu Aselefech, 

Mwandiko huu ni wangu, Meaza, lakini maneno ni ya Gashe. Amekaa kitandani, jicho la kulia limefungwa kitambaa, na ameniamuru niandike kila atakachosema bila kupunguza. Anaanza:

Mdogo wangu, sisi wazima, mvua kubwa, barabara ni tope, goti la wifi yako linatabiri mvua kuliko redio. Hospitali nilikwenda kesho yake kama ulivyoamuru, ila kwa foleni walinipasua wiki iliyopita. Ulisema ni muda wa kunywa chai. Sijui mnakunywa chai gani huko, lakini si vibaya. Walipokifungua kitambaa kidogo ili watie dawa, nilimwona Etagegn. Nilimwambia, "Umezeeka!" Akaniambia, "Na wewe umepona." La kushoto watalitoa baada ya mwaka mpya.

Matokeo yamebandikwa jana ukutani shuleni. Daktari alinikataza kutoka. Nilitoka. Etagegn alinishika mkono huu, Meaza mkono huu, tukapita matopeni kama wezi watatu. Watu walikuwa wengi, kelele, wengine wanalia, wengine wanapiga vigelegele. Mimi nilikuwa na kitambaa jicho moja na ukungu jicho la pili, nimesimama mbele ya karatasi iliyokuwa kwangu ni shuka jeupe tu. Nilimwambia Meaza, "Tafuta jina lako. Na usinisomee ninachotaka kusikia."

Akasema, "Nakusomea kilichoandikwa, Gashe."

Nikasikia kidole chake kikiteremka kwenye karatasi, jina kwa jina. Sijapata kuogopa hivyo, Aselefech, hata mbele ya mkaguzi. Nikajua ndiyo basi, nimemzamisha mtoto wa dada yangu kwa kiburi cha macho. Kisha nikasikia, "Meaza. Amefaulu."

Etagegn akapiga kigelegele mpaka mwalimu mkuu akatoka nje. Wote sita wamefaulu. Yimam amechinja kondoo wake, kwetu ametuma mwingine mzima atakayechinjwa na mkono wetu, na padri amemleta mpwa wake aanze tuisheni Meskerem, akasema amesikia habari za adabu mpya. Meaza anaingia darasa la tisa. Usimtume mtu. Tuma kitambaa cha sare.

Sasa andika alama, Meaza, ziandike kubwa mama yako azitundike kwenye ule msumari. Kiingereza sabini na nne. Hesabu themanini na saba.

Mama, hapa ni mimi ninayesema. Ukutani pameandikwa sabini na nane. Nimemwambia, "Hapana, Gashe, si themanini na saba, ni sabini na nane, na siandiki vingine." Amemwita Etagegn atoke jikoni aje asikie, na ananitaka niliseme tena lile "hapana".